Presha ya Mama, chumvi ya nyumba nzima

Wiki iliyopita nilipewa kazi ya kuandika habari ya shinikizo la damu kwa ajili ya ukurasa wetu wa afya. Nafasi: maneno 400. Wasomaji wangu, maneno 400 gazetini ni sawa na kuambiwa uhamishe nyumba kwa baiskeli. Unabeba godoro, masufuria yanabaki. Nilibeba takwimu, nikabeba kauli ya daktari, mhariri akaridhika. Kilichobaki ni mambo ya jikoni kwetu Morogoro, na kwa maoni yangu humo ndimo ilimokuwa habari yenyewe. Naiweka hapa. (Mama ameruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje uzito wake.)

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno presha. Mtaani presha ni kila kitu. Mtu akidaiwa kodi ana presha, Simba na Yanga zikikutana nusu ya mji ina presha. Ninayoizungumzia mimi ni ile ya kipimo: nguvu ambayo damu inazisukuma kuta za mishipa. Inaandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni pale moyo unapojikamua, ya chini ni pale unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Chini ya 120/80 ni nzuri. Ikifika 140/90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku tofauti, umeshakuwa mgonjwa wa presha hata kama unajisikia mzima wa afya. Na hapo ndipo penye tatizo, maana wengi hawasikii chochote. Kichwa hakiumi, macho hayaoni giza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima wapatao bilioni 1.4 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, na waliokuwa wameidhibiti ni zaidi kidogo tu ya mmoja kati ya watano.

Mama naye alikuwa hasikii chochote. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 57. Alimsindikiza mjukuu wake zahanati, mtoto akatibiwa, muuguzi akamwambia, "Mwalimu, na wewe kaa hapo tukupime." 168/102. Akarudi siku nyingine: 164/100. Akaandikiwa kidonge kimoja kwa siku, amlodipini, na kuambiwa maneno manne ambayo nadhani kila mwenye presha nchi hii ameyasikia: punguza chumvi, fanya mazoezi.

Simlaumu muuguzi, foleni nyuma ya Mama ilikuwa inafika mlangoni. Ila maneno hayo manne yanazaa maswali mengi kuliko yanayoyajibu. Kupunguza kutoka ngapi hadi ngapi? Na nani apunguze? Mazoezi gani, kwa mwalimu mwenye magoti mabovu anayerudi nyumbani saa kumi na rundo la madaftari?

Kwetu halikuwa jambo la kuchukulia kirahisi. Baba mdogo alifariki mwaka 2019 kwa kiharusi. Dawa za presha alikuwa nazo ndani. Alikuwa anameza siku anapoumwa kichwa, basi, kama mtu anavyomeza panado. Asubuhi moja akaanguka bafuni, upande wa kulia ukafa ganzi, hakusema neno tena. Alikaa siku 11. Mama ndiye aliyekuwa anamlisha uji kwa kijiko. Kwa hiyo alipotoka zahanati na kile cheti, alikiweka juu ya kabati, akaingia chumbani, na siku ile chakula cha jioni alipika dada yangu.

Mwezi wa kwanza walifanya kile ambacho nyumba nyingi hufanya: masufuria mawili. Kubwa la familia, dogo la mgonjwa. Sufuria dogo lilikuwa na maharage yaliyochemshwa bila chumvi kabisa, bila kiungo, yamekaa kama adhabu. Mama ndiye mpishi wa yote mawili. Sasa fikiria: mtu anapika mchuzi mtamu kwa ajili ya watu watano, anauonja kwenye kiganja, anauonja tena, halafu anakaa pembeni na bakuli lake la maharage meupe. Alivumilia wiki moja na siku kadhaa. Baada ya hapo sufuria dogo likawa linapikwa ili lionekane. Watu wakishalala, alikuwa anamalizia ukoko na mchuzi wa sufuria kubwa. Ameniambia mwenyewe, anacheka.

Nilimwambia Baba kwa nini wote wasile chakula kimoja chenye chumvi kidogo. Akanijibu, "Mimi sina presha." Nikamuuliza umepimwa lini? Akasema mwili wake anaujua. Akaongeza kwamba chakula kisicho na chumvi ni cha hospitali na yeye hajalazwa.

Aliyetuamsha ni dada yangu, anayesoma uhasibu. Alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika tarehe kwenye pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo siku ilipofunguliwa, bila kumwambia mtu. Pakiti iliisha siku ya tisa. Nyumbani wanakula watu sita. Gramu 500 kwa siku tisa kwa watu sita, piga hesabu: kila mtu zaidi ya gramu 9 kwa siku. WHO inashauri mtu mzima asifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa siku nzima, kwa vyakula vyote. Na wajukuu wawili wadogo wamo katika hao sita, wao walipaswa kula pungufu ya hapo. Kwa kipimo cha gramu 5, pakiti ile ingetakiwa kukaa siku 16, hata kama hakuna chumvi nyingine inayoingia nyumbani.

Na nyingine inaingia. Kete za mchuzi, zile za kumenya karatasi, kazi yake kubwa ni chumvi. Ng'onda ni chumvi yenye samaki ndani. Soseji, mkate, chipsi za barabarani zinazonyunyiziwa mara mbili, achari. Halafu kuna magadi, ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyataja kwenye mambo ya presha. Mama anaweka magadi kwenye maharage na makande ili yalainike haraka. Lakini kinachotusumbua ndani ya chumvi ni sodiamu, na magadi nayo ni sodiamu. Kwa hiyo hata yale maharage ya adhabu ya sufuria dogo, yaliyodaiwa hayana chumvi, yalikuwa yanaibeba kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni kuloweka usiku kucha, mkaa unaokoka vilevile.

Sodiamu inafanya nini? Inashika maji. Ukiila nyingi, mwili unabaki na maji mengi, damu inaongezeka wingi ndani ya mishipa ileile, na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa, na zinasaidiwa sana na potasiamu, iliyopo kwenye ndizi, maharage, parachichi, machungwa, viazi na mboga za majani. Watu wa Uingereza na Marekani wana shida tofauti kidogo na yetu, kwa sababu chumvi yao nyingi imeshawekwa kiwandani kabla hawajafungua kopo. Yetu bado sehemu kubwa inatoka mkononi mwa mpishi. Ugali hauna hata punje. Ni mboga na mchuzi. Mimi naiona hiyo kama habari njema, maana mkono wa mpishi unaweza kuzungumza nao.

Kwenye gazeti niliandika mistari mitatu tu kuhusu utafiti wa DASH, ngoja niuseme vizuri. Ulitangazwa Marekani mwaka 1997. Watu wazima 459 walipikiwa kwa wiki nane. Kundi moja lilikula kama Wamarekani wanavyokula kawaida, jingine liliongezewa matunda na mboga, na la tatu lilipewa matunda, mboga, maziwa yenye mafuta kidogo, nafaka na kunde, na mafuta yakapunguzwa. Chumvi ilikuwa sawa kwa wote, na walizuiwa wasipungue uzito, ili chakula chenyewe ndicho kipimwe. Wale wa kundi la tatu waliokuwa na presha ya juu, namba yao ya juu ilishuka kwa takriban pointi 11 zaidi ya wale waliokula kawaida. Mwaka 2001 wakatangaza wa pili, watu 412, safari hii na chumvi ikapunguzwa. Ikaonekana chumvi ikishuka presha inashuka, hata kwa wale ambao tayari wanakula vizuri.

Hapa nina ugomvi kidogo na makala za afya tunazotafsiri. Msomaji wa Kihonda anaambiwa ale brokoli na samaki anayeitwa salmoni. Jamani! Mboga za Mgeta zinashuka Morogoro kila siku. Mchicha, matembele, kisamvu, maharage, ndizi, mapapai, parachichi la jirani linaloanguka kwa upepo. Hicho chakula cha utafiti sisi tunakipita sokoni tukienda kununua soseji.

Tuendelee na Mama. Alipoonyeshwa hesabu ya pakiti hakusema kitu. Ila sufuria dogo lilirudi kabatini, na kuanzia hapo jikoni kukaanza mambo. Kwa hesabu ya dada, chumvi ya siku ilikuwa kama vijiko kumi vya chai kwa nyumba nzima. Mama akaanza kutoa kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Si viwili, kimoja. Kete za mchuzi zikapungua hadi zikaisha. Mahali pake pakaingia ndimu, kitunguu swaumu kilichotwangwa na tangawizi, na pilipili mbichi kwa wakubwa. Chumvi ni ileile yenye madini joto, maana ni kosa kukimbia presha ukaangukia kwenye tezi la shingo. Wiki ya nane vijiko vilikuwa sita, na hakuna aliyelalamika. Wataalamu wanasema ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Kwetu uliozoea ni ulimi wa Baba, tena bila kuambiwa.

Mimi nilitaka aambiwe. Tulibishana na Mama kwa simu, nikamwambia Baba ni mtu mzima, chakula ni chake, ana haki ya kujua. Akanijibu: "Miaka 30 nimemwekea chumvi, uliwahi kusikia nimemwomba ruhusa? Sasa kwa nini niombe ruhusa ya kuitoa?" Chuo kikuu sikufundishwa jibu la swali hilo.

Baba alijua kwa njia nyingine. Walikwenda harusini, akarudi anakunywa maji kikombe baada ya kikombe, anasema wale wapishi wamemwaga chumvi kwenye pilau kama wanakaushia ngozi. Dada akashindwa kujizuia, akacheka. Ikabidi mambo yasemwe. Alinuna siku mbili. Ya tatu akanunua kikopo chake cha chumvi akakiweka mezani mbele ya kiti chake, na kipo hadi leo. Anakitikisa mara moja juu ya kachumbari, kama mtu anayepiga kura ya hapana.

Mazoezi yalikuwa na vikwazo vya aina yake. Ushauri wa WHO ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuhemesha kidogo, unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa mfano nusu saa mara tano. Mama akanunua raba za mtumba, akajifunga kanga, akaanza kutembea jioni kutoka nyumbani kuelekea Msamvu na kurudi. Siku ya kwanza alisimamishwa na watu wanne. "Mwalimu, bodaboda zimegoma?" "Mwalimu, kwema lakini?" Mtaani kwetu mwanamke wa umri wake akitembea haraka bila kapu wala mtoto mgonjwa mgongoni, basi kuna msiba. Akaona aibu, akaacha siku tatu. Alichokuja kufanya ni kubeba kapu. Tupu! Kapu likamaliza maswali yote. Sasa wanatembea watatu, yeye na walimu wenzake wawili, na mmoja wao anabeba kapu pia.

Magoti ndiyo yaliyotutia hofu. Yalipouma alikuwa anapita duka la dawa ananunua diklofenaki, na mwezi ule namba zikapanda ingawa chumvi ilikuwa imeshuka. Daktari alipomuuliza anatumia dawa gani nyingine, ndipo ikajulikana. Dawa za maumivu za kundi hilo, na ibuprofeni imo, huweza kupandisha presha na kuzichosha figo. Ni dawa zinazouzwa kwetu kama karanga, nawaomba wenye wazazi watu wazima waulize kwenye mikoba yao kuna nini. Alibadilishiwa, akaambiwa atembee tambarare na apunguze mwendo. Mpaka sasa amepungua kilo 5. Madaktari hukadiria kwamba kila kilo inayopungua inaweza kushusha karibu pointi moja ya namba ya juu, kwa hiyo si haba.

Kuhusu kupima, dada alinunua mashine ya mkononi, ile ya kuvaa mkanda juu ya kiwiko. Wiki za mwanzo ilitutisha bure. Mama alikuwa anashuka kwenye bodaboda, anavaa mkanda, anamgombeza mjukuu, namba inatoka 158. Unatakiwa kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, umeshakwenda chooni, hujanywa kahawa nusu saa kabla. Unapima mara mbili, unaandika zote. Siku alipofuata hayo namba ilikuwa 146, mwanamke yuleyule, saa ileile.

Mwezi wa tano ilikuwa 134/84. Na hapo ndipo tulipogombana kweli.

Alinipigia akiwa na furaha, akasema, "Mwanangu, nimepona. Naacha vidonge." Mwalimu mwenzake alikuwa amemwambia kwamba ukizoea dawa ndiyo basi tena, na pale stendi ya Msamvu kuna mtu anauza unga wa mizizi wa kumaliza presha moja kwa moja. Nilimwambia 134 hiyo imeletwa na vitu vyote kwa pamoja, kidonge kikiwamo, huwezi kuondoa nguzo moja ukasema nyumba imesimama yenyewe. Hakukubali. Nikamtaja baba mdogo. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema taratibu, "Baba mdogo wako hakuwahi kutembea hata siku moja. Usinifananishe naye."

Na alikuwa na hoja. Wapo watu ambao wakibadili chakula, wakapungua uzito na kutembea, daktari huwapunguzia dawa, na wachache huziacha kabisa wakiendelea kufuatiliwa. Lakini mwenye kusema hivyo ni daktari, akiwa na namba za miezi mbele yake. Tukakubaliana aende na daftari la vipimo. Jumamosi nikapanda treni ya SGR asubuhi nikamsindikiza. Daktari alipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, akampongeza, akamwambia kidonge kimoja kinabaki. Akamweleza kwamba miezi mitano iliyopita alishaanza kufikiria kumwongezea cha pili, na cha pili hakihitajiki. Kuhusu kupunguza hiki kimoja, watazungumza kama namba zitakaa hapo kwa muda mrefu zaidi. Mama alitoka pale amenuna. Alitarajia cheti cha kuhitimu.

Nilimuuliza pia daktari kuhusu chumvi mbadala, yenye potasiamu badala ya sehemu ya sodiamu. China waliijaribu katika vijiji 600, watu karibu 21,000 kwa takriban miaka mitano, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Akasema ni kitu kizuri ila si kwa kila mtu. Mwenye figo mbovu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazopandisha potasiamu, inaweza kumletea madhara ya moyo, kwa hiyo aulize kwanza. Duka la mtaani kwetu halina, basi mjadala ukaishia hapo.

Kidonge anameza kila siku saa moja asubuhi, na chai ya rangi. Kipimo cha wiki tatu zilizopita: 132/82. Pakiti ya chumvi ya mwisho ilikaa siku 15.

Jumapili hiyohiyo Baba, baada ya kubembelezwa na wajukuu, alikubali kuvaa ule mkanda. 143/91. Tukarudia baada ya dakika moja, 141/90. Akauvua, akasema betri za mashine zimeisha. Dada ameshanunua betri mpya, na mimi naelekea Morogoro Jumamosi.